Wakuu tunahamia Phoenix, mtaa gani una afadhali ya nge na wadudu wengine?

MamaZawadi

Wakuu habari za jioni. Sie tuko Columbus, Ohio, mzee kapata uhamisho wa kazi kwenda Phoenix, Arizona na anatakiwa awe kule mwezi wa nne, kwa hiyo tumeanza kutafuta nyumba ya kununua kabisa maana kupanga tumechoka, kila mwaka maboksi. Joto nimeshalikubali. Kinachoninyima usingizi ni nge. Kila ninayemwambia tunaenda Phoenix neno la kwanza ni nge, mara wanaingia kwenye viatu, mara wanadondoka kutoka darini, mara sijui nani kamkuta kwenye sinki asubuhi, na mimi nina mtoto anayetambaa, kila anachokiona chini anatia mdomoni.

Ajenti wetu nikimuuliza anacheka tu, anasema ndo jangwa hilo mtazoea. Nyumba tulizoonyeshwa mpaka sasa kuna moja Ahwatukee (nzuri sana, mlima uko pale pale nyuma), moja Gilbert, na nyingine Goodyear mpya kabisa haijakaliwa na mtu. Mzee anataka Ahwatukee sababu ya kazi na ile mandhari. Mimi nataka penye nge wachache hata kama ni mbali, na nikisema nge weka na mende, mchwa, nyoka, panya, wote hao. Kuna maeneo yanajulikana au ni bahati nasibu tu? Wenyeji mtusaidie, naomba kuwasilisha.

Mkulima wa Avondale

Dada karibu sana. Jibu langu fupi, njooni magharibi.

Jibu refu ni kwamba huku magharibi sehemu kubwa ilikuwa mashamba. Hiyo Goodyear unayoiona imepewa jina la kampuni ya matairi, walinunua ardhi huku mwaka 1917 walime pamba ya kutengenezea matairi, na pamba imelimwa hapa miaka mingi sana. Sasa nge wa jangwa anataka mwamba, gogo, ganda la mti, mahali pa kujibana mchana. Shamba linalolimwa na trekta kila msimu halina hivyo vitu, kwa hiyo nyumba zikijengwa juu ya shamba nge wanakuwa hakuna au wachache sana, tofauti na mtaa uliochongwa moja kwa moja kwenye jangwa lenyewe ambako wenye mji ni wao na wewe ndo mgeni. Mimi niko Avondale miaka sasa, ndani ya nyumba sijawahi kumwona hata mmoja, mende ndo nawajua kwa majina.

Ila angalia kitu kimoja, Goodyear ni ndefu balaa. Ukishuka kusini kule Estrella uko chini ya milima ya Sierra Estrella na hapo stori inabadilika kabisa. Buckeye vilevile, kule mtaa wa Verrado wamejenga miguuni mwa milima ya White Tank. Anwani inasema magharibi lakini nge hasomi anwani. Nyumba yako iko upande gani?

MpulizaDawa

Mimi kazi yangu ndo hii, nazunguka bonde zima la Phoenix na gari na tanki la dawa, kwa hiyo naingia nyumba za kila aina. Nitaandika ndefu kidogo mnivumilie.

Kwanza mjue adui ni yupi maana nge huku wako wa aina nyingi na mmoja tu ndo wa kumwogopa. Anaitwa bark scorpion, mwembamba, rangi ya majani makavu, sentimita 7 au 8 akiwa mkubwa, magando membamba na mkia mwembamba. Huyo ndo anapanda ukuta, anapanda mti, anatembea darini kichwa chini, wengine wengi hawawezi hayo. Kuna yule jitu mwenye manywele anafika sentimita 14, ukimwona utapiga kelele mtaa mzima uamke, lakini sumu yake si ya kutisha, watu wengi wanalinganisha na nyuki. Wengi tuliokulia Afrika Mashariki tumezoea kuogopa yule mkubwa mweusi, huku ni kinyume, ogopa kale kadogo kanakofanana na unyasi.

Sasa suala la mtaa. Mkulima kasema kweli kuhusu mashamba, lakini mimi nakuambia usinunue kwa jina la mji, nunua kwa kiwanja. Naingia mtaa mmoja nyumba ya kwanza wanaokota nge kila wiki, nyumba ya nne hawajui hata nge anafananaje. Ninachoangalia mimi nikishuka kwenye gari ni hivi, ardhi hii kabla ya nyumba ilikuwa nini, nyuma ya ukuta kuna nini, na ndani ya ua wameweka nini.

Nyuma ya ukuta kukiwa na hifadhi ya mlima au lile korongo kavu la kupitisha maji ya mvua, hesabu wageni. Na ua kwa ua hapa Phoenix tumetenganishwa na kuta za tofali za bloku, zile zenye uwazi ndani, na juu mara nyingi hazijazibwa vizuri. Ule ukuta ni ghorofa la nge. Kuna kivuli, kuna unyevu kidogo, anatembea ndani kwa ndani kutoka kwa jirani mpaka kwako bila kugusa jua. Jirani akipanga kuni zake pale ukutani wewe ndo unalipa. Ndani ya ua tazama mitende, kama makuti makavu hayajakatwa yamening'inia pale basi nge, mende na buibui wote wako juu wanapulizwa na upepo. Mawe makubwa ya mto ya mapambo ni mabaya kuliko kokoto ndogo. Yale magogo ya reli ya zamani watu wanajengea vitalu vya maua, hayo mimi nikiyaona nashika tochi moja kwa moja.

Halafu hii dhana ya kwamba nyumba mpya haina nge, hapana. Inategemea. Mpya juu ya shamba la pamba sawa. Mpya juu ya jangwa, yaani mwaka jana palikuwa na kaktasi na mawe halafu likaja buldoza, hapo nge wamefukuzwa makwao na wanatafuta pa kukaa na nyumba yako ndo iko wazi. Na kama awamu ya pili ya ujenzi haijaanza, siku wakianza kuchimba kiwanja cha pembeni wale wote wanahamia upande wako. Uliza ramani ya awamu zote kabla hujasaini.

Gilbert ni viraka viraka. Kuna sehemu safi kabisa na kuna sehemu, hasa penye miti mikubwa ya zamani na maji mengi, kuna nge wa kutosha. Maji yanaleta nyenje, nyenje ndo ugali wa nge.

Na hapo niseme ukweli ambao bosi wangu hataupenda. Dawa ya kupuliza inaua nyenje na mende vizuri, nge mkubwa inamsumbua tu. Kampuni ikikuambia lipa kila mwezi na nge watakwisha, hiyo ni biashara. Sisi tunapunguza chakula chao, wewe unaziba nyumba, hivyo viwili pamoja ndo vinafanya kazi. Anapita kwenye upenyo wa milimita moja na nusu hivi, kwa hiyo mpira wa chini ya milango, kona za mlango wa garaji, mabomba yanapoingia chini ya sinki, taa za darini, vyote. Ukisimama ndani mchana ukaona mwanga chini ya mlango, nge naye anauona.

Mchwa usiwaweke kwenye hesabu ya mtaa kabisa, mchwa wa chini ya ardhi wako bonde zima, mashamba, mlimani, mjini, kote. Angalia vimirija vya udongo kwenye msingi na uliza ardhi iliwekwa dawa lini. Basi.

Wanjiru_wa_Mlimani

Sasa wote mmeangukia Ahwatukee kama ni jehanamu 😂 Mimi naishi huko na sihami. South Mountain iko hapo, ekari zaidi ya 16,000 za hifadhi, asubuhi unatoka na mbwa wako kabla jua halijachachamaa, hakuna mahali pengine utapata hiyo ndani ya jiji kubwa hivi.

Ndio nge wako. Siwezi danganya. Lakini kuna tofauti kubwa ya nyumba inayopakana na mlima yenyewe na nyumba iko barabara kadhaa ndani. Zile za mpakani unapata nge, unapata nyoka mwenye njuga amelala kwa kivuli cha pampu ya swimming pool, unapata wale nguruwe mwitu wanakuja kula maua yako usiku. Ukiingia ndani ndani inapungua sana. Sisi tulichukua ya ndani, tukaziba kila kitu kabla hata ya kuleta fanicha (hiyo ndio siri, ziba nyumba ikiwa tupu, ukishaweka makabati na vitanda hutawahi kufikia hizo kona), na jioni za kiangazi watoto wanazunguka na baba yao na tochi ya UV wakiwa wamevaa viatu. Nge anang'aa rangi ya kijani na buluu hivi, huwezi kumkosa. Unamshika na koleo refu la kubania, unamtia kwa chupa ya maji ya sabuni, kwisha. Ile miezi ya kwanza walikuwa wanapata, sai mara nyingi wanarudi mikono mitupu wamenuna.

Kuna mtu atakwambia ufuge kuku wanakula nge. Ni ukweli wanakula, lakini soma sheria za HOA yenu (chama cha wenye nyumba wa mtaa) kwanza, yetu imekataa kuku na hata kamba ya kuanika nguo.

Mama Zawadi mwambie mzee achague ya ndani, mtapatana.

NesiWaZamu

Naona mnaongea kuta na mitende, naomba niongee mtoto maana ndo swali lenyewe.

Mtu mzima mwenye afya akiumwa na huyo bark scorpion mara nyingi ni maumivu makali, ganzi na hali kama ya umeme inayopanda mkono au mguu, inaweza kukaa hata siku mbili tatu lakini inapita. Mtoto mdogo ni habari nyingine, hasa chini ya miaka 6. Dalili za kuogopa ni macho kuzunguka yenyewe hovyo, mate kutoka mengi, mikono na miguu kurukaruka, kulia bila kutulia na kupumua kwa shida. Ukiona hivyo ni 911 (namba ya dharura), usisubiri. Kama ni maumivu tu au huna hakika, kuna namba ya kituo cha sumu 1-800-222-1222, bure, saa 24, na ukiomba mkalimani wanakutafutia. Hifadhini hiyo namba kwenye simu kabla hamjapakia gari.

Usichanje, usifyonze, usifunge kamba. Osha kwa sabuni, weka kitu cha baridi, piga simu. Dawa ya kuzuia sumu ipo, inaitwa Anascorp, iliidhinishwa Marekani mwaka 2011, lakini si kila hospitali ndogo ina akiba yake, kwa hiyo ukiwa unachagua mtaa angalia pia umbali wa hospitali kubwa. Kuna watu wananunua nyumba mbali huko pembezoni kwa sababu ni rahisi halafu wanagundua dharura ya karibu ni mwendo wa nusu saa.

Kitanda cha mtoto kivute mbali na ukuta, shuka zisiguse chini, na miguu ya kitanda isimame ndani ya vikopo vya glasi. Glasi ni laini, nge hawezi kuipanda. Na asiingie mtu chooni usiku pekupeku, hata mzee.

Kaka wa Kati

Mimi natokea upande mwingine, mnamkimbiza huyu mama kwenye nge mnamsukumia kwenye panya.

Kuna hii mitaa ya zamani ya katikati, Arcadia na majirani zake, ilikuwa mashamba ya michungwa na malimao, miti bado ipo, na mpaka leo nyumba nyingi zinapata maji ya mfereji, yale ya kufurisha ua mzima unakuwa kama mpunga. Majani ya kijani, kivuli, unajisahau kama uko jangwani. Sasa chini ya yale machungwa kuna panya wa darini, waligundulika Arcadia mwaka 2001 na tangu hapo wamesambaa, wanatembea juu ya nyaya za umeme kama wanalipwa. Mende wa bomba la maji taka wakubwa wanatokea kwenye tundu la bafu. Na mbu! Watu wanadhani jangwani hakuna mbu. Mwaka 2021 kaunti hii ya Maricopa ilipata mlipuko wa virusi vya West Nile mkubwa kuliko kaunti yoyote Marekani iliwahi kupata. Maji yakikaa kwenye ua siku kadhaa ushafuga mbu.

Na nge wapo pia, si kwamba maji yanawafukuza, ua ukifurika wanapanda ukutani wanakuja ndani kukaa pakavu. Kwa hiyo ukiona ua wa kijani kibichi usidhani umewakimbia.

Kwa ufupi kila mtaa una mdudu wake, chagua unayemweza. Mimi namweza panya, mke wangu hamwezi, ndo tunabishana mpaka leo.

theluji_tu

Hamieni Flagstaff, mita 2,100 juu, hakuna huyo nge wenu. Theluji mnaijua tayari kutoka Ohio.

MamaZawadi

Jamani asanteni sana, nimesoma yote mara mbili na mzee nimemsomea kwa sauti. Theluji_tu wewe acha, tunaikimbia theluji 😅

Sasa swali. Tunakuja kuangalia nyumba mwezi huu wa kwanza, siku chache tu. Nitajuaje nyumba ina nge kama nimeingia mchana dakika ishirini na ajenti yuko nyuma yangu anasifia granaiti ya jikoni? Na muuzaji si atasema hakuna? Goodyear yenyewe nimeangalia kwenye picha za setilaiti, Mkulima, iko upande wa kaskazini sio Estrella, nyuma yake kuna shamba bado linalimwa. Gilbert kuna mitende minne nyuma ya bwawa, haijakatwa.

BabaWatatu

Mama Zawadi hapo kwenye mwezi wa kwanza ndo pa kuwa makini. Nge baridi ikiingia wanajikusanya pamoja wengi sehemu moja, ndani ya ukuta, chini ya ganda la mti, darini, na wanatulia. Ukipita na tochi ya UV Januari unaweza kutoka ukiwa na furaha kabisa halafu mwezi wa tano usiku ukianza kuwa wa joto ndo unaona wenye nyumba halisi wanatoka. Kwa hiyo ua mtupu wa Januari sio ushahidi. Ukimwona hata mmoja Januari, huo sasa ni ushahidi.

Kwa hiyo soma nyumba yenyewe na wanaokaa ndani. Nikienda kuona nyumba mimi sianzi jikoni naanza garaji. Tazama pembeni mwa mlango wa garaji kama kuna mitego ya gundi na ndani yake kuna nini, hiyo mitego haidanganyi. Tazama kama kuna tochi ya UV imetundikwa karibu na mlango wa nyuma, mtu hanunui hiyo kwa ajili ya mapambo. Chumba cha mtoto tazama miguu ya kitanda, kama iko kwenye vikopo vya glasi kama alivyosema nesi basi umeshajibiwa bila kuuliza. Stika au risiti ya kampuni ya kupuliza dawa kwenye ukuta wa garaji, soma wanakuja mara ngapi.

Halafu kwa Arizona muuzaji anajaza fomu inaitwa SPDS, anaeleza anachokijua kuhusu nyumba, na mle kuna mahali pa kutaja nge, panya, nyoka na nyuki. Mwambie ajenti akupe hiyo fomu mapema na uisome mwenyewe usisomewe. Aliyejaza "hajui" kila mahali mwulize zaidi, hasa kama ni mwekezaji aliyenunua akapaka rangi anauza, huyo hajalala mle hata usiku mmoja. Nyumba mpya ya mjenzi ndo usitegemee karatasi, hapo hakuna aliyekaa wa kukuambia chochote, uliza majirani.

Majirani ni wa muhimu kuliko wote. Rudi jioni bila ajenti, kuna mtu anamwagilia maua au anatembeza mbwa, msalimie mwambie unafikiria kuhamia, mwulize nge vipi hapa. Watu wa Phoenix kwa nge wanapenda kuongea, utapewa mpaka picha za kwenye simu.

Mkiweka ofa, mkataba wa kawaida unawapa siku 10 za ukaguzi msipobadilisha. Ndani ya hizo siku 10 rudini usiku kwa ruhusa ya muuzaji, zungukeni ukuta wote na tochi, miguuni mwa mitende, chini ya vifuniko vya mita. Na mjue ukaguzi wa mchwa mnaolipia ni wa wadudu wanaokula mbao tu, yule mkaguzi akikuandikia safi haimaanishi amekuangalizia nge. Hiyo inawachanganya wengi.

Mitende minne haijakatwa nyuma ya bwawa, hiyo Gilbert aidha ukate bei au ukate mitende.

MpulizaDawa

BabaWatatu kaongea kama tunafanya kazi ofisi moja. Naongeza, hiyo Goodyear yenye shamba nyuma kwa nge ni nzuri kuliko zote tatu, ila shamba likivunwa panya wa shambani na nyenje wanahamia kwenye nyumba za mwanzo mwanzo, na vumbi la huko ni vumbi kweli. Hiyo Ahwatukee uliyosema mlima uko pale pale nyuma ndo ile ya mpakani anayoisema Wanjiru, hapo nisingeweka mtoto anayetambaa bila kuziba kwanza. Na shamba halitabaki shamba, litakuja kuwa nyumba, lakini kwa nge hiyo haina shida.

MamaZawadi

Sawa wakuu. Mzee kakubali Ahwatukee ya ndani ndani au Goodyear, ile ya mlimani kaifuta mwenyewe alipofika kwenye nyoka wa pampu 😂 Anauliza la mwisho, anasema yeye atachukua silikoni azunguke nyumba nzima nje chini kabisa kwenye plasta, kila kitundu, amalize kazi kwa wikiendi moja. Ni sawa?

Fundi Plasta

Mwambie mzee asimame hapo hapo shemeji.

Chini ya plasta ya nje, pale inapokaribia ardhi, kuna ukanda wa bati unazunguka nyumba, una vitundu au uwazi mwembamba. Ule sio ubovu, umewekwa makusudi, maji yakiingia nyuma ya plasta yanatokea pale na ukuta unapumua. Akijaza silikoni maji yanabaki ndani, mbao zinaoza, plasta inavimba, na mchwa ambao MpulizaDawa kasema wako kila mahali wanapata mbao mbichi. Nge amemzuia, nyumba ameiua.

Pale wanaoziba vizuri wanaweka wavu wa chuma wa matundu madogo sana au sufi ya shaba, inapitisha maji na hewa haipitishi nge, na hata hiyo aweke mtu anayejua ukanda unaanzia wapi. Silikoni yake aipeleke kwingine, kuzunguka mabomba, kuzunguka boksi za umeme za nje, fremu za madirisha, juu ya ukuta wa bloku aweke saruji kwenye zile nyufa za vifuniko. Na kokoto au udongo usifunike ule ukanda, uache kama sentimita 5 hadi 10 wazi, maana watu wakimwaga kokoto za mapambo wanazipandisha mpaka kwenye plasta halafu wanashangaa nge anaingiaje, ametengenezewa ngazi.

Mkifika piga picha ya huo ukanda uiweke hapa nitakuambia ni wa aina gani.